Mbegu Haziliwi: Ushauri kwa Aliyekabidhiwa Ufunguo wa Ghala

Ukianza kazi kwenye ghala la hifadhi ya mbegu la Muguga, Arusha au Lusaka, au kwenye chumba kimoja cha benki ya mbegu ya kijiji, wiki ya kwanza utaonyeshwa majokofu, mashine ya kubana pakiti na daftari la sampuli, yaani mafungu ya mbegu, kila moja na namba yake. Hakuna atakayekueleza utafanya nini siku barabara imefungwa, umeme haupo, mshahara haujaingia miezi minne na mlinzi wa getini ana watoto wanaolala na njaa. Ushauri huu ni wa siku hiyo. Ila sehemu kubwa ni kazi ya kufanywa leo, maana vita ikishafika mlangoni, mengi ya kuokoa mbegu yatakuwa ama yameshafanyika au yameshapitwa na wakati.

Kila anayeingia kwenye kazi hii husimuliwa habari za Leningrad. Zijue vizuri, kwa sababu husimuliwa kama hadithi ya mashujaa, na sehemu yenye mafunzo ya kazi huachwa.

Taasisi ya mimea ya Leningrad, mji wa Urusi unaoitwa leo St. Petersburg, ilikuwa na moja ya mikusanyo mikubwa kuliko yote duniani: ngano, shayiri, mpunga, jamii ya kunde, karanga, viazi, mamia ya maelfu ya sampuli. Nikolai Vavilov, aliyeijenga, alizikusanya mbegu hizo kwa kuzunguka mabara, na mwaka 1927 alifika hadi Ethiopia kutafuta ngano na shayiri za huko. Alikamatwa na serikali yake mwenyewe Agosti 1940, akafia gerezani Saratov Januari 1943. Kwa hiyo Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoingia, taasisi ilikuwa haina mkuu wake wala mtetezi serikalini. Julai 1941 Makumbusho ya Hermitage, ya mji huohuo, yalipewa treni za kuhamishia michoro yake. Mbegu hazikupewa uzito huo. Behewa lililopakiwa sehemu ya mkusanyo lilikwama baada ya njia ya reli kukatwa, likarudi lilikotoka. Mji ukazingirwa na jeshi la Ujerumani tarehe 8 Septemba 1941, na mzingiro haukuisha mpaka tarehe 27 Januari 1944.

Funzo la kwanza liko hapo, na ni la kiofisi kabisa. Hakuna mkubwa atakayekuja kukwambia hamisha. Mbegu hazina sura ya mali. Waziri akiingia ghalani anaona pakiti na makopo. Kibali cha kutoa mkusanyo, barua za mpakani, cheti cha afya ya mimea na gari vitafutwe wakati wa amani, na barua ya kibali isiwe na tarehe ya kuisha baada ya mwezi mmoja. Andikeni ndani yake nani anaruhusiwa kutoa amri ya kuondoka iwapo mkurugenzi hapatikani. Wengi huipuuza sentensi hiyo moja, na ndiyo inayokwamisha lori getini.

Funzo la pili ni nakala. Kila sampuli iwe sehemu tatu: ghala lako, ghala la pili la nchi hiyohiyo ila nje ya barabara hiyohiyo, na ghala la nchi nyingine. Watu huhesabu umbali kwa kilomita. Hesabu badala yake ni jeshi gani litapita wapi. Maghala mawili yaliyo umbali wa kilomita 300 kwenye barabara kuu moja, katika vita ni ghala moja. Stesheni za taasisi ya Leningrad zilizokuwa Ukraine na Krimea ziliangukia mikononi mwa Wajerumani, na mwaka 1943 kikosi cha SS, jeshi la chama cha Hitler, kilitumwa makusudi kuzikusanya mbegu zake. Adui naye anaweza kuzitaka.

Nakala ya nje hupelekwa kwa mkataba wa sanduku lililofungwa: anayekuwekea halifungui, halipandi wala halimpi mtu, na wewe peke yako ndiye unayeweza kulirudisha. Ndivyo linavyofanya kazi ghala la Svalbard, Norwe, lililofunguliwa Februari 2008 ndani ya mlima, likiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. ICARDA, kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa Tel Hadya karibu na Aleppo, kilikuwa kimepeleka huko sehemu kubwa ya mkusanyo wake kabla vita ya Syria haijafika mlangoni. Wafanyakazi wenyeji waliendelea kuendesha jenereta na kulinda majokofu kwa muda katika eneo lililoshikwa na makundi yenye silaha. Hatimaye kituo hakikufikika tena. Septemba 2015 waliomba kurudishiwa, ikawa mara ya kwanza kwa mbegu kutolewa Svalbard: karibu sampuli 38,000, zikapelekwa Lebanon na Moroko. Kabla ya hapo walikuwa wamefanya kazi ya miaka mingi ya kubana pakiti na kujaza fomu, bila bunduki hata moja kusikika.

Kwa nakala ya namna hiyo weka mbegu 500 hivi kwa kila sampuli pale zinapopatikana. Usisubiri kukamilisha mkusanyo wote. Anza na zile zisizopatikana kwingine kokote: mtama wa kienyeji, ulezi, kunde, maharage ya wakulima wa eneo moja. Aina ya mahindi inayouzwa na kampuni madukani ikae mwisho wa foleni, hata kama ndiyo iliyopangwa vizuri zaidi kwenye rafu na inakuvutia kuanza nayo.

Sasa ukavu. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaoingia ghalani huliabudu jokofu na kuusahau unyevu.

Kuna kanuni ya makadirio inayotumika tangu zamani: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu, kati ya 14 na 5, huongeza maisha yake karibu mara mbili, na kila nyuzi 5 za joto unazozishusha nazo huongeza karibu mara mbili. Piga hesabu. Mbegu ya mtama ukiitoa kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 7, umezidisha mara mbili mara sita: maisha yake ni marefu mara 64. Ukiishusha kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 5 umepata mara 32. Mafanikio yanakaribiana, ila moja kati ya hayo mawili hukatika siku umeme unapokatika. Ukavu haukatiki. Mbegu iliyokaushwa vizuri na kubanwa kwenye pakiti ya foili isiyopitisha hewa inaweza kukaa kwenye joto la chumba muda wote wa mgogoro, miezi hata miaka, na bado ikaota. Mbegu yenye unyevu wa asilimia 14 iliyokuwa ikitegemea jokofu itaanza kupoteza nguvu jokofu likizima tu, na fukusi watazinduka.

Basi kausha mpaka unyevu uwe kati ya asilimia 3 na 7 kulingana na zao, mbegu za mafuta zikiwa chini zaidi. Chumba cha kukaushia kiwe na hewa kavu na joto lisilozidi nyuzi 20. Kama hakuna chumba hicho, tumia silika jeli, punje zinazonyonya unyevu: uzito sawa na wa mbegu, ndani ya chombo kinachofunga kabisa, mbegu zikiwa kwenye mfuko wa kitambaa. Ile ya rangi ya chungwa ikibadilika kuwa kijani imeshiba. Irudishe kwenye oveni, lakini usipite nyuzi 120, utaiunguza. Hakuna silika jeli? Mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukawa kahawia, ukapoa ndani ya chombo kilichofungwa, hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu ndogo zaidi. Weka mara mbili ya uzito wa mbegu. Mkaa uliochomwa upya nao husaidia. Usianike mbegu za hifadhi kwenye bati la jua la saa saba mchana. Za chakula sawa, hizi hapana.

Kipimo cha unyevu kikiharibika, chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mbegu robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa, iache nusu saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mbegu zina unyevu zaidi ya asilimia 15 hivi. Isiposhika, usishangilie: imekwambia tu kwamba zimepita daraja la kwanza.

Umeme ukikatika, usifungue jokofu kila saa kuangalia kama bado baridi ipo. Jokofu lililojaa hushika baridi muda mrefu kuliko lililo nusu. Na ukilazimika kutoa pakiti, usiifungue ikiwa bado ya baridi: hewa ya nje itageuka maji juu ya mbegu, na kazi yote ya kukausha itapotea kwa dakika chache. Iache ifikie joto la chumba kwanza, usiku mzima ikibidi. Kosa hili huonekana sana wakati wa kuhama kwa haraka, watu wanapofungua pakiti ili kugawa nusu kwa nusu mezani. Gaweni zikiwa zimeshafikia joto la chumba, au msigawe.

Jenereta nalo lina fitina yake. Dizeli katika vita ni pesa taslimu. Ghala lenye mapipa kumi ya dizeli uani limejitangaza. Wekeni kidogo kidogo, mbali na jengo la mbegu.

Hilo linanileta kwenye vyombo. Mwaka 2002 ilibainika kuwa mkusanyo wa Afghanistan uliokuwa umefichwa kwenye nyumba Ghazni na Jalalabad umeharibiwa. Waporaji hawakuzitaka mbegu. Walitaka makopo na chupa zilizokuwamo, wakamwaga mbegu chini wakaondoka na vyombo. Hakuna hesabu iliyo wazi kuliko hiyo: chombo kizuri kilichogharimu pesa ndicho kilichoziua mbegu zilizokuwa ndani. Kwa mbegu za kuficha tumia pakiti za foili ndani ya maboksi ya kawaida, yasiyo na matumizi jikoni kwa mtu yeyote. Ndoo nzuri yenye mfuniko, dumu la lita 20, friza dogo, vyote hivyo vina mnunuzi sokoni kesho asubuhi. Ghala la Wad Medani, Sudan, liliporwa baada ya mji huo kutekwa Desemba 2023, na kilichobaki cha kutegemea ni zile nakala zilizokuwa zimekwenda kwingine.

Kila pakiti iwe na namba mara mbili: nje kwa lebo, ndani kwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli. Penseli, siyo kalamu; wino huyeyuka pakiti ikilowa, penseli hubaki. Daftari la sampuli, lenye namba, jina la kienyeji, kijiji ilikotoka, mwaka na asilimia ya uotaji, linakiliwa mara tatu, na nakala moja husafiri na mtu, siyo na mbegu. Lori likichomwa, angalau utajua umepoteza nini na uombe wapi. Sampuli isiyo na namba ni kilo ya nafaka tu, na kwenye mji wenye njaa kilo ya nafaka ina kazi moja.

Njaa ndiyo sehemu ngumu.

Kati ya Novemba na Desemba 1941, mgao wa mkate Leningrad kwa wafanyakazi wa ofisini, watoto na wategemezi ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Nje baridi ilikuwa kali, chini sana ya sifuri, madirisha yamevunjwa na mabomu, hakuna kuni wala maji ya bomba. Ndani ya jengo kulikuwa na tani kadhaa za vitu vya kuliwa. Aliyetunza karanga, Alexander Shchukin, alifia mezani pake. Dmitri Ivanov, wa mpunga, alikufa kwa njaa huku maelfu ya pakiti za mpunga yakiwa salama chumbani mwake. Liliya Rodina, wa oti, naye alikufa. Waliokufa hawakupungua 9.

Ukisikiliza haraka utasema walikuwa na moyo wa chuma, na ni kweli. Lakini angalia walivyojipanga. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki peke yake katika chumba cha mbegu. Vyumba vilifungwa na ufunguo haukuwa mali ya mtu mmoja. Sheria hiyo haikutungwa kwa sababu walishukiana wizi. Mtu mwenye njaa ya siku arobaini, akiwa peke yake na pakiti ya karanga, hana mtihani wa haki. Akiwa na mwenzake, mzigo hugawanyika. Nawe usimpe mtu mmoja ufunguo, hasa yule mwaminifu kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayeteseka zaidi. Kufuli mbili, watu wawili, daftari la kuingia na kutoka linalosainiwa na wote. Na kwenye bajeti ya dharura ya mbegu, mstari wa kwanza uwe chakula cha walinzi na familia zao: unga, maharage, mafuta na chumvi vya miezi mitatu, ghala tofauti na la mbegu. Mpango unaotegemea watu kukubali kufa haujapangwa. Wale wa Leningrad walifikishwa hapo na mzingiro. Wewe una muda wa kununua unga.

Amueni mapema pia ni nini kinaweza kuliwa. Nakala mbili zikishatengwa, ziada ya mahindi au ngano inaweza kutolewa bila dhambi, na ni afadhali itolewe kwa utaratibu kuliko mlango kuvunjwa. Isipokuwa mbegu zilizopakwa dawa. Majira ya baridi ya 1971 kuingia 1972, Iraki ilipokea ngano ya mbegu iliyopakwa dawa yenye zebaki. Maandishi ya onyo yalikuwa kwa lugha ambazo wakulima hawakuzisoma, na msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita. Walioka mikate. Zaidi ya 6,000 walilazwa hospitali na zaidi ya 400 walifia humo. Rangi nyekundu ya dawa husafishika kwa maji, sumu haisafishiki. Kwa hiyo mbegu za hifadhi zisipakwe dawa kabisa. Ukaushaji na kugandisha kwa wiki moja au zaidi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri huua fukusi, ilimradi mbegu iwe kavu kwanza. Yenye maji ukiigandisha unaiua pamoja na fukusi wake.

Panya wa Leningrad wana sura yao. Mbegu zilikuwa kwenye makopo ya bati, na mtu angedhani bati linatosha. Panya wakajifunza kuyasukuma makopo mpaka ukingo wa rafu, yakaanguka, mfuniko ukafunguka, wakala. Wafanyakazi wakaanza kuyafunga makopo pamoja kwa kamba, mzigo mzito usiosukumika. Jaribu hilo kwenye rafu zako: sukuma boksi kwa kidole kimoja. Likienda, weka ukingo wa mbao mbele ya rafu wenye kimo cha sentimita 5, au yafunge manne manne. Rafu isigusane na ukuta, na miguu yake ivikwe bati lililokunjwa kama faneli.

Kuna mazao ambayo yote haya hayayahusu. Viazi, mihogo, viazi vitamu, migomba havikai kwenye pakiti. Mbegu za embe, parachichi na kakao nazo ukizikausha zinakufa. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa hawajaweka marando ya viazi vitamu kivulini kwa wiki mbili. Huko Leningrad mkusanyo wa viazi mviringo ulikuwa shambani Pavlovsk, nje ya mji. Abraham Kameraz na Olga Voskresenskaya walivichimba huku mizinga ikilia, vikaletwa mjini na kuwekwa chini ya jengo. Kiazi kikiganda kimekufa, kikipata joto kinachipua na kuisha nguvu, kwa hiyo mtu alilazimika kulisha jiko kuni kidogo kidogo, siku kwa siku, katika mji ambao watu walikuwa wakichoma samani zao. Vadim Lekhnovich alikuwa miongoni mwa waliokesha na viazi hivyo. Majira ya kuchipua ya 1942 vilirudi ardhini, pembeni ya mji uliokuwa bado umezingirwa, kwa sababu kiazi hakisubiri amani.

Kwa mazao ya aina hiyo, ghala lako la kweli ni mashamba ya watu. Gawa vipando vya mihogo kwa wakulima ishirini wa vijiji tofauti, andika nani ana nini, na uwe na nakala ya chupa, yaani miche midogo inayokuzwa ndani ya chupa, kwenye maabara ya nchi nyingine. Shina la muhogo lililosimamishwa kivulini linaweza kuvumilia wiki kadhaa; marando ya viazi vitamu ni siku chache. Rwanda baada ya 1994 ilionyesha hili vizuri. Mashirika yalijiandaa kurudisha maharage kutoka nje, na aina nyingi zilizalishwa katika nchi jirani kwa kazi hiyo. Ilipochunguzwa, wakulima wengi walikuwa bado na maharage yao, yaliyofichwa, yaliyonunuliwa sokoni au kuombwa kwa jirani. Kilichoumia zaidi kilikuwa kiazi mviringo, ambacho aina zake bora zilitegemea vituo vya serikali vilivyokuwa vimesimama.

Vita ikipungua, watu watakuja na matrekta wakitaka mbegu zote zipandwe msimu huo. Kataa kwa upole. Pima uotaji kwanza: mbegu 100 kwenye taulo lenye unyevu, mafungu manne ya 25, sampuli ikiwa ndogo, tosheka na 50. Zilizoshuka chini ya asilimia 85 ya uotaji wake wa mwanzo ndizo zinazopandwa kwanza, na hupandwa nusu ya pakiti, siyo pakiti nzima. Maharage, ngano na mpunga hujichavusha zenyewe, mimea 50 inatosha na jirani si tatizo kubwa. Mahindi ni habari nyingine: mimea 100 au zaidi, mbali na shamba lingine la mahindi mita 200 na kuendelea, au uchavushe kwa mkono na mifuko. Ukikosa mita hizo, utavuna mahindi mazuri ambayo si sampuli yako tena, na daftari litaendelea kudanganya kwa namba ileile. ICARDA walipanda Lebanon na Moroko zile za 2015, na mwaka 2017 walianza kurudisha nakala mpya Svalbard, kwenye nafasi walizokuwa wameziacha wazi.